Hatima ya Bustani za Tanga Huamuliwa Kabla Zabuni Haijatangazwa

Madiwani walioingia barazani baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 wameanza na bajeti yao ya kwanza, ya mwaka wa fedha 2026/27, na agizo wanalokutana nalo madiwani wapya popote nchini ni lilelile: tafuteni vyanzo vya mapato. Soko limeshatozwa, stendi imeshatozwa, leseni za biashara zimeshahamia kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa mapato ya halmashauri. Macho yanageukia kilichobaki, yaani bustani, viwanja vya michezo, kumbi za mitaa na sehemu za kuogelea. Ukikaa vijiweni jioni hapa Tanga, Ngamiani au Chumbageni, utakuta mabishano yamegawanyika pande mbili. Wapo wanaosema halmashauri imeshindwa, apewe mwekezaji. Wapo wanaosema akipewa mwekezaji, mtoto wa maskini hatakanyaga tena pale. Kila upande unasema kwa uchungu, na kila upande unagombania swali ambalo likifika kwao huwa limeshajibiwa.

Msimamo wangu ni huu: suala la nani aendeshe ni la tatu au la nne kwa uzito. Hatima ya sehemu ya mapumziko ya umma huamuliwa siku inapoandikwa kwenye kitabu cha bajeti upande wa mapato, huku upande wa matengenezo kukiwa hakuna shilingi. Kuanzia siku hiyo, mwendeshaji yeyote, awe mtumishi wa halmashauri, awe mzabuni, awe kikundi cha vijana, atasukumwa kuelekea kulekule: kuweka geti, kupandisha kiingilio, kukodisha kwa sherehe za harusi na kuacha bomba lililopasuka likivuja. Tukibishana kuhusu jina la mwendeshaji bila kugusa ukurasa ule wa bajeti, tutabadilisha watu kila baada ya miaka michache na bustani zitabaki zilivyo.

Kwanza tuelewane ni mali gani tunayoizungumzia, maana lawama nyingi zinaangukia mlango usio wake. Uwanja wa Mkwakwani, wanakochezea Coastal Union na African Sports, uko moyoni mwa kila Mtanga, lakini si mali ya Halmashauri ya Jiji. Ni miongoni mwa viwanja vilivyobaki mikononi mwa CCM baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, kama Sokoine wa Mbeya na Kirumba wa Mwanza. Diwani wa Tanga hana kura ya kuupangia Mkwakwani kiingilio. Kituo cha ufundi cha soka kule Mnyanjani ni cha TFF, shirikisho la soka nchini. Klabu za kuogelea za Raskazone zina wanachama na taratibu zake. Ukiondoa hivyo, kinachobaki kwa halmashauri ni kile kisicho na mwenyewe mwingine: bustani za katikati ya mji kama Jamhuri inayotazama bandari, viwanja vya wazi kama Tangamano, viwanja vya mitaa ambavyo havina hata jina rasmi, na vipande vya ufukwe. Ni vichache, na vimekaa vibaya ukilinganisha na wanakoishi watu.

Hilo la kukaa vibaya lina historia yake, na sipendi lipitwe haraka. Wakoloni waliupanga mji huu kwa rangi. Rasi ya Raskazone, yenye upepo na miti na nyumba zenye viwanja vikubwa, ilikuwa ya Wazungu. Ngamiani, yenye barabara zinazoitwa kwa namba na nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, ilikuwa ya Waafrika. Uhuru ulibadilisha wakazi kwa kiasi chake, haukubadilisha ramani. Mwenye nyumba Raskazone anaweza kumwambia mwanawe acheze uani. Mwenye chumba kimoja barabara ya kumi na tano hana ua. Kwake yeye uwanja wa umma ndio ua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika jiji hili, na ile ya 2022 ikavuka 390,000. Nyumba zimeongezeka, pikipiki zimeongezeka, Chongoleani imekuwa kituo cha mwisho cha bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima lenye urefu wa kilomita 1,443, na bei ya ardhi imepanda. Viwanja vya kuchezea havijaongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo kila kipande kilichobaki kina wanaokitaka kwa biashara na wanaokihitaji kwa maisha ya kila siku, na hao wa kundi la pili ndio wasio na barua yoyote mezani kwa mkurugenzi.

Sasa tuangalie uamuzi wenyewe unavyopita, kwa sababu watu wengi wanadhani kuna siku moja ambapo baraza linanyoosha mikono na bustani inaondoka. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji, Na. 8 ya 1982, chombo cha mwisho ni baraza la madiwani, na Tanga ina kata 27. Lakini jambo halianzii barazani. Linaanzia kwa wataalamu wa idara, linapita kwenye menejimenti chini ya mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais na ndiye katibu wa baraza, halafu linaingia kwenye kamati ya mipangomiji na mazingira, kisha kamati ya fedha na uongozi. Likifika barazani limeshakuwa mapendekezo yenye takwimu za makisio, na diwani anayelipinga anaambiwa aoneshe fedha mbadala zitoke wapi. Kikao cha baraza kiko wazi kwa wananchi. Vikao vya kamati, ambako ndiko jambo linakopikwa, haviko hivyo. Mwananchi anayekwenda kukaa nyuma ya ukumbi siku ya baraza anakuta maneno yamekwisha.

Kuna njia nyingine inayompa mwananchi nafasi zaidi, nayo ni sheria ndogo. Ada inayotozwa na halmashauri inatakiwa kuwa na sheria ndogo nyuma yake; rasimu inatangazwa, wakazi wanapewa muda wa kupinga, baraza linapitisha, na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao za ofisi, na nadra mtu kulisoma. Wenyeviti wa mitaa wangeweza kulisoma kwenye mkutano mkuu wa mtaa, na baadhi hufanya hivyo, lakini kwa ada ya kiwanja cha mpira hujawahi kusikia mtaa umekaa kujadili. Katiba, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwepo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kama madaraka hayo yanaishia kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa mtendaji, hayajafika.

Turudi kwenye ukurasa wa bajeti, ambao kwangu ndio kiini. Halmashauri zetu hupimwa kwa makusanyo. TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, imekuwa ikitangaza hadharani ipi imekusanya asilimia ngapi ya lengo, nani kaongoza na nani kashika mkia, na mkurugenzi aliyeshika mkia hulala akijua kiti chake kina moto. Sijawahi kuona halmashauri ikipangwa kwa idadi ya watoto waliocheza kwenye viwanja vyake au kwa bustani zenye choo kinachofanya kazi. Kinachohesabiwa ndicho kinachofanyiwa kazi. Juu ya hapo, miongozo inazitaka halmashauri zenye mapato makubwa zipeleke sehemu kubwa ya mapato ya ndani kwenye miradi ya maendeleo, na asilimia 10 iende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Yote ni mema. Lakini kupaka rangi bembea, kubadilisha koki, kumlipa mtu anayemwagilia nyasi, hayo si maendeleo kwa lugha ya bajeti. Ni matumizi ya kawaida, na yanagombania fungu lililobaki pamoja na mafuta ya magari, posho za vikao na umeme wa ofisi. Bembea haishindi posho.

Matokeo yake unaweza kuyashika kwa mkono. Katika bustani moja ya mjini, ambayo sitaitaja, kuna choo kilichojengwa vizuri, vigae vyeupe, milango ya mbao ngumu, maandishi ya ME na KE yaliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Kina kufuli. Mlinzi, mzee wa makamo aliyekuwa anatengeneza redio yake kivulini, nilipomsalimu shikamoo na kumuuliza, alinijibu kwa upole: "Marahaba, mwanangu. Funguo ninao, maji ndiyo hayapo. Koki ilikatika, nikaandika, wakaja kupiga picha." Koki ya aina ile inauzwa duka la vifaa barabarani, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kina mama waliokuja na watoto walikuwa wanavuka barabara kuomba choo msikitini. Choo kile kilijengwa kwa fedha ya mradi, kikazinduliwa, kikaingia kwenye taarifa ya mafanikio. Koki haina fungu.

Hapo ndipo watetezi wa mwekezaji wanapokuwa na nguvu, na lazima tuwape haki yao. Mtu binafsi angeinunua koki ile mchana uleule. Halmashauri inafungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma, sasa ile Na. 10 ya 2023, na NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi huo, na taratibu hizo zipo kwa sababu nzuri. Tunajua wizi uliokuwapo kabla yake. Lakini zinachelewesha mambo madogo, na bustani ni mkusanyiko wa mambo madogo. Mwekezaji ana mtaji wa kuweka taa, ana meneja anayelala na simu wazi, na anaajiri vijana wa hapa. Halmashauri inapata kodi bila kutoa jasho. Mtu akiniambia kwamba kwa miaka mingi ameona halmashauri ikimiliki na kutotunza, sina cha kumbishia.

Tatizo ni aina ya mikataba tuliyozoea. Halmashauri nyingi nchini zimepitia miaka ya kukodisha ukusanyaji wa ushuru kwa mawakala kwenye masoko, stendi na maegesho. Mfumo ulikuwa mwepesi: wakala anaahidi kiasi fulani kwa mwezi, kinachozidi ni chake. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikajaa hoja kuhusu mawakala wasiowasilisha fedha na halmashauri zisizojua ni kiasi gani hasa kilikusanywa. Serikali ikalazimika kuleta mashine za POS na malipo kwa kumbukumbu namba. Sasa, mkataba wa bustani unaoandikwa kwa kuangalia kodi ya mwezi pekee ni ndugu wa mkataba ule wa ushuru. Mzabuni anayeshinda ni aliyetaja kodi kubwa. Aliyetaja kodi kubwa lazima airudishe. Atairudisha kwa kiingilio, kwa muziki mpaka usiku, kwa kugeuza kona ya watoto kuwa baa, na hatakuwa amevunja mkataba, kwa kuwa mkataba haukusema kitu kuhusu watoto. Tukimwita mnyonyaji tunamwonea. Ametekeleza alichoombwa.

Wanaotaka halmashauri ibaki na uendeshaji nao wana hoja nzito. Ardhi inabaki ya wote bila mtu wa katikati, bei inapangwa na watu tunaoweza kuwang'oa kwa kura baada ya miaka mitano, na hakuna mkataba wa miaka 20 unaomfunga mjukuu. Kwenye ufukwe hoja hii ina sheria nyuma yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Ukuta na ukumbi wa kudumu ndani ya mita hizo si jambo la kukubaliana mezani. Ninaiunga mkono hoja hii kwa moyo, lakini nina shaka moja nayo. Wengi wanaoisema hawaongezi sentensi ya pili, ile ya fedha za matengenezo zitoke wapi. Kusema "ibaki ya halmashauri" halafu kunyamaza ni kukubali kufuli lile liendelee kukaa mlangoni.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba cha bure hakitunzwi. Inasemwa kwamba watu wetu ni waharibifu, wataiba taa, watachafua, kwa hiyo weka kiingilio ili waheshimu. Nenda kwenye kiwanja chochote cha mtaa Makorora au Mabawa siku ya Jumamosi alfajiri. Utawakuta vijana wakifagia mawe, wakichora mistari kwa majivu au chokaa waliyochangishana, wakifunga nyavu zilizoshonwa kwa kamba za kuvulia samaki. Hakuna anayelipa kuingia na hakuna aliyewatuma. Sasa nenda sokoni, ambako kila mfanyabiashara hulipa ushuru. Kama malipo ndiyo huleta utunzaji, mitaro ya masoko yetu ingekuwa mikavu na vyoo vyake vingenukia. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati uliofanywa na taasisi ya Aga Khan, huingiwa bila kiingilio na hujaa kila jioni, huku wauza vyakula wakifanya biashara mle ndani. Kinacholeta utunzaji ni fedha kurudi pale ilipotoka na mtu kuwa na wajibu unaojulikana. Kiingilio bila hayo mawili kinapunguza wanaoingia tu, na kinapunguza wale hasa ambao hawana pengine pa kwenda.

Watetezi wa ubinafsishaji hupenda kuitaja Uingereza, na mfano huo unastahili kusomwa mpaka mwisho. Kule halmashauri ndizo zenye mabwawa ya kuogelea, kumbi za michezo ya ndani na vyumba vya mazoezi. Kisheria si huduma ya lazima, kwa hiyo bajeti ikibana ndiyo huanza kukatwa. Serikali ya Margaret Thatcher, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1988, ilizilazimisha halmashauri kushindanisha kazi zake na kampuni binafsi, na uendeshaji wa vituo vya michezo ukaongezwa kwenye lazima hiyo mwaka 1989. Lazima hiyo ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999. Katikati ya hapo, mwaka 1993, wafanyakazi wa vituo vya Greenwich, London, walipoona bajeti inakatwa waliunda chombo chao wenyewe kisichogawana faida, na leo kinaendesha vituo vya halmashauri nyingi. Janga la Uviko lilipofunga milango Machi 2020, kampuni na vyombo vya hisani vilianguka pamoja, serikali ikalazimika kutenga pauni milioni 100 kuvinusuru vituo, na bei ya nishati ya 2022 ikaongeza kidonda kwa wenye mabwawa ya maji moto. Halmashauri kadhaa zimerudisha uendeshaji mikononi mwao. Kule Penzance, mji wa pwani kusini magharibi, bwawa la maji ya bahari la mwaka 1935 liliharibiwa na dhoruba ya 2014, na wakazi wakanunua hisa wenyewe kupitia chombo cha jamii kinacholiendesha.

Ukiiangalia miaka yote hiyo, utaona kila aina ya mwendeshaji ina walionusurika na waliofunga. Kinachowatenganisha ni nani alibebeshwa paa na mtambo wa kuchemsha maji. Pale mkataba uliposema wazi kwamba matengenezo makubwa ni ya halmashauri na madogo ni ya mwendeshaji, na pande zote zikaweka fedha, kituo kilisimama. Pale kila upande ulipomwachia mwenzake, bwawa lilifungwa. Kuna jambo la pili la kujifunza kule, nalo linahusu namna ya kuamua. Sheria inazitaka halmashauri za Uingereza zitoe nyaraka za kikao kwa umma siku tano za kazi kabla ya kikao. Viambatisho vya siri za kibiashara huzuiwa, na wananchi hulalamika kuhusu hilo, lakini taarifa yenye njia mbadala, gharama za kila njia na athari kwa watumiaji huwa inasomeka kabla ya mikono kunyooshwa. Wananchi wakija kupinga wanajua wanachopinga.

Hapa kwetu msingi wa kufanya vizuri zaidi ya hapo tunao tayari, na sielewi kwa nini hatuutumii. Zahanati ina kamati yake ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Shule ina kamati ya shule. Wavuvi wana vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari, maarufu kama BMU, vinavyofanya kazi hapahapa mwambao wa Tanga. Maji ya vijijini yana vyombo vya watumiaji kwa mujibu wa sheria ya 2019. Yaani tumekubali kama taifa kwamba anayetumia huduma awe na kiti mahali inaposimamiwa. Kiwanja cha michezo na bustani havina kamati ya namna hiyo. Timu ya mtaa, klabu ya mbio za pole, mama anayeuza madafu na mihogo pale getini, mwalimu anayeleta watoto siku ya michezo, wote hawana pa kusemea mpaka siku mabati yanapozungushwa. Baraza linaweza kuunda kamati ya watumiaji kwa kila eneo la mapumziko kwa azimio lake lenyewe, bila kusubiri Dodoma.

Kamati hiyo iwepo kabla ya zabuni, kwa sababu kazi yake kubwa ni kusema mapema eneo lile ni la nini. Mkataba ukija baadaye, uwe na mwekezaji, uwe na kikundi cha vijana kilichopata mkopo wa halmashauri, uwe ni makubaliano ya ndani na idara, uandikwe kutokana na maelezo hayo. Saa za watoto na za timu za mitaa kutumia bila malipo ziandikwe kwa siku na saa. Kiingilio kifungwe kwenye sheria ndogo, kisipande kwa tangazo la ukutani. Vitu vya kutengenezwa vitajwe kimoja kimoja, koki na taa na nyasi na uzio, na muda wa kuvitengeneza, na mlipaji. Urefu wa mkataba ulingane na mtaji uliowekwa: anayeleta viti vya plastiki na friji hastahili miaka 15. Fedha itakayopatikana, sehemu yake ibaki palepale kwa matengenezo kabla haijaingia kwenye mfuko mkuu. Na taarifa ya mwaka isomwe kwenye baraza la wazi, yenye idadi ya walioingia pamoja na idadi ya shilingi.

Najua jibu litakalotolewa: mzabuni gani atakubali masharti hayo yote? Wengine watakataa, na kodi itakayotajwa itakuwa ndogo. Hilo ni kweli, na baraza linapaswa kulikubali kwa macho wazi. Tofauti kati ya kodi kubwa isiyo na masharti na kodi ndogo yenye masharti ndiyo bei ya huduma yenyewe. Ni fedha ambayo wakazi wangeilipa kwa njia nyingine, kwa kiingilio cha kila Jumapili au kwa watoto kucheza katikati ya bodaboda. Na ikitokea kwamba hakuna mzabuni kabisa, halmashauri itakuwa imejua kitu muhimu: eneo lile haliwezi kujiendesha kama biashara, liendeshwe kama huduma na lipewe fungu lake kama zahanati inavyopewa. Kisichokubalika ni kulipangia lengo la makusanyo huku tukijua haliwezi, kisha kulitangaza kuwa limeshindwa, kisha kulibadilishia matumizi. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 ina utaratibu wake wa kubadili matumizi ya ardhi, na eneo la wazi lililotelekezwa huwa jepesi kubadilishwa kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kulitetea.

Rasimu za bajeti zinapopita kwenye kata, Kamati ya Maendeleo ya Kata ndiyo mahali pa kwanza ambapo mambo haya yanaweza kuulizwa, na diwani ndiye mwenyekiti wake. Amtake mtaalamu aoneshe kurasa mbili pamoja: ukurasa unaotaja bustani au kiwanja cha kata yake kama chanzo cha mapato, na ukurasa unaotaja matengenezo ya mahali hapohapo. Kama wa kwanza una tarakimu na wa pili hauna, airudishe rasimu palepale katani, kabla haijafika kwenye kamati ya fedha.